Siku Niliyomwacha Mume Wangu kwa Sili

Watu wakisikia kwamba nilimsahau mume wangu ufukweni nikaendesha gari kilomita thelathini na kitu bila kujua, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke. Lakini wangejua tulivyoishi, wasingeuliza nilimsahauje. Wangeuliza mbona hatukusahauliana mapema zaidi.

Mume wangu alikuwa mwoka mikate. Kwa miaka ishirini na tisa aliingia kazini saa moja jioni na kutoka alfajiri. Mimi nilikuwa dobi wa hospitali, msimamizi wa mashine za kupigia pasi mashuka, na zamu yangu ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Yeye akirudi, mimi natoka. Tulikutana mlangoni. Ananikabidhi mkate wa moto umefungwa kwenye karatasi, mimi namwambia maziwa yako wapi na mtoto kaamkaje, basi, ndoa ya siku hiyo imekwisha. Nikirudi jioni yeye bado amelala. Akiamka ana saa moja ya kuoga, kula na kuvaa. Wenzake kiwandani walimpa jina la Popo, na mimi nikalichukua hilohilo, maana lilimkaa.

Tuna binti mmoja. Mashoga zangu kule kwenye pasi walikuwa wakiniuliza, "Wewe na popo wako, huyo mtoto mlimpata lini?" Nawajibu, "Jumapili zipo." Wanakufa kwa kicheko. Mimi pia nilikuwa nacheka, ila nikifika nyumbani nikamkuta kalala chali, mkono mmoja nje ya shuka, mbavu zinapanda na kushuka, kicheko kinaniisha. Nilikuwa nasimama pale kwenye pazia la chumba, na nguo za kazi bado mwilini, namwangalia. Sikumgusa hata mara moja.

Kwa sababu nyumbani kwetu kumwamsha mtu ilikuwa dhambi. Sheria ilikuwa moja tu: pazia likifungwa, kuna mtu amelala, na hakuna wa kuligusa. Bawaba za milango tulizipaka mafuta ya kupikia. Vijiko tulivipanga juu ya kitambaa. Tulizungumza kwa kunong'ona hata tukiwa tunagombana, na jamani, hakuna kazi ngumu kama kugombana kwa kunong'ona, hasira yote inakurudia tumboni. Binti yetu alijifunza kucheka bila sauti. Mwalimu wake wa kwanza aliniita shuleni kuniuliza kama mtoto ana tatizo la koo.

Tulistaafu mwaka mmoja, tukipishana miezi minne. Kiwanda kilikuwa kinaliondoa gari moja kuukuu la kusambazia mikate, Popo akaliomba, akapewa. Miezi mitatu alikuwa uani na nyundo na msumeno. Akaweka kitanda nyuma, sinki dogo, jiko la gesi la plati mbili, tangi la maji, na meza ya kukunja. Mimi nikashona godoro na pazia la kuzungushia kitanda chote. Jua likiwa kali, mabati yakipata moto, gari lile bado linanukia mkate. Mpango ulikuwa tufuate pwani siku kumi, tuwaone wale wanyama ambao watu wanatoka mbali kuja kuwaona: nyangumi, pomboo, kasa, heroe, sili. Mimi wanyama sikuwa na shida nao. Nilichotaka ni siku kumi na mume wangu akiwa macho.

Siku mbili kabla ya safari, binti yetu akapiga simu. Yuko nchi ya mbali, kwa ndege unalala na kuamka hujafika, na amejifungua mapacha.

"Mama, nimechoka, siwezi peke yangu," akasema. "Njoo unisaidie. Mwaka mmoja, labda miwili."

"Na baba yako?"

"Baba si analala tu?" Akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, nikasikia pumzi tu. "Mama, mimi na mkweo tunajaza fomu zako. Nipe jibu Ijumaa ijayo. Isizidi Ijumaa, karatasi zina tarehe zake."

Nikamwambia Popo jioni ileile, yuko chini ya gari anakaza skrubu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamweleza yote. Mwaka mmoja, labda miwili. Miguu ikatulia kidogo. Kisha sauti ikatoka chini kule, ya upole kabisa: "Utakavyoona wewe."

Utakavyoona wewe! Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Mimi naona nini? Nilitaka kitu kimoja duniani, nacho kilikuwa neno moja: usiende. Nampenda binti yangu, na wale wajukuu nimewaona kwenye simu tu na tayari wameniiba moyo. Lakini nilikuwa namtamani mume wangu. Naam, nasema hivyo, mimi bibi wa mapacha, mwenye miwani ya kusomea na goti linalolia nikipanda ngazi. Nilimtamani kama msichana. Na nilijiapiza kwamba sitamwomba. Neno likiombwa halina utamu. Nikajipa moyo: siku kumi ni nyingi, na Ijumaa imo humohumo ndani. Atalisema.

Basi tukaondoka. Daktari alikuwa amemwambia mwili utazoea, usingizi utarudi mahali pake wenyewe. Wapi! Saa nane za usiku Popo macho makavu, anakanda unga kwenye meza ya kukunja, taratibu, asinitikise. Saa tatu asubuhi, mimi nimeshaoga, nimejipaka, nimevaa gauni langu la maua, yeye anapiga miayo kama kiboko, anavuta pazia, kwishaa. Analala usingizi wa pono mpaka jioni. Mimi naendesha gari mchana, mwenyewe, na pwani yote ile iko kwenye dirisha langu. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wakiwa maelfu kwenye maji ya chumvi, niliwaona peke yangu. Pomboo niliwaona peke yangu. Yeye aliwaona kasa wakirudi baharini alfajiri, mimi nakoroma. Jioni tunasimuliana juu ya mkate wake: "Walikuwa wengi?" "Wengi." "Wakubwa?" "Wastani." Mtu angedhani tunakabidhiana zamu.

Siku ya nne nikamwona nyangumi. Nilikuwa nimesimamisha gari juu ya mwamba, nakunywa chai. Maji yakavimba, likatoka lile jitu, jeusi, likajitupa hewani, likaanguka kwa kishindo. Na nyuma yake mtoto wake, akajaribu naye, akaanguka vibaya. Nililia, sijui kwa nini, nikakimbilia nyuma na kikombe mkononi. Nikafika kwenye pazia. Nikanyoosha mkono. Popo, amka, njoo uone. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikasikia anavyopumua ndani, ile pumzi ninayoijua kuliko sauti yake. Nikarudisha mkono, nikaenda kumalizia chai. Mama nyangumi na mwanawe walikaa pale nusu saa nzima, na mtu mmoja tu wa kuwaangalia. Jioni alipoamka nilimwambia, "Leo nimeona nyangumi." Akasema, "Lo! Nimekosa." Akanimegea mkate. Nilitamani kumpiga nao.

Ikafika Alhamisi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Popo hajasema neno. Tulikuwa tumelala kwenye kambi ndogo iliyo jirani na ufukwe wa sili. Kama hujawahi kuwaona, ni wanyama wa maji na nchi kavu, wanene, weusi, wamelala juu ya mawe kama magunia yaliyoshushwa, na kelele zao ni za mbuzi na mlevi kwa pamoja. Saa tatu asubuhi nikaenda kuoga kwenye mabafu ya kambi. Nikarudi na taulo kichwani. Ndala zake ziko chini ya kitanda, pande zote mbili zimepangwa, kama siku zote. Pazia limefungwa. Nikajisemea, haya, popo kaingia pangoni. Nikafunga mlango wa nyuma kwa kuubembeleza, nikawasha gari, tukaondoka. Nasema tukaondoka, kumbe.

Barabara ilikuwa ya changarawe. Nilikwepa kila shimo. Penye matuta nilishuka gia mpaka gari likawa linatembea kama bibi harusi, asije akaamka. Na moyoni nachemka. Kesho ni Ijumaa. Binti atapiga, nitasema nini? Nitasema nakuja, kwa sababu baba yako kaniambia nitakavyoona mimi? Kilomita thelathini nilivumilia. Ya thelathini na moja nikaona siwezi tena.

"Popo," nikasema, macho barabarani. "Usiamke. Sikiliza tu."

Nikaendelea, kwa kunong'ona, ndivyo nilivyozoea.

"Mimi sitaki kwenda. Nampenda mtoto wangu, lakini sitaki kwenda. Nimekungoja miaka ishirini na tisa. Wenzangu wanawakumbuka waume zao waliokufa. Mimi namkumbuka mume aliye hai, aliyelala mita mbili nyuma yangu. Unajua nilikuwa nalalia mto wako ukienda kazini? Ulikuwa unanukia hamira, na mimi nalala nimeukumbatia kama mjinga. Ulipostaafu nilihesabu siku. Nikasema sasa. Sasa nitakuwa naye mchana, nitamwona akila, nitamwona akikasirika, hata akinikera nitashukuru. Halafu mtoto anapiga simu, na wewe unaniambia nitakavyoona mimi. Niambie nisiende, Popo. Neno moja. Sitakuuliza jingine maisha yangu yote."

Kimya. Hata kujigeuza hakuna. Nikangoja kilomita nzima. Nikangoja nyingine. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye kola, na kule nyuma mtu hata hakohoi. Hapo hasira zikanipanda. Nikasema, amesikia, na amenyamaza makusudi. Nikasimamisha gari katikati ya barabara, nikaruka kiti, nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe. Nikavuta pazia.

Juu ya kitanda palikuwa na beseni.

Beseni la unga uliokandwa, limefunikwa blanketi letu, limewekwa pale kwenye joto ili uumuke. Ulikuwa umeumuka hasa. Ulikuwa umeshatoka nje ya beseni, umelala juu ya mto wake. Pazia alilifunga kuuzuia upepo. Pembeni simu yake inachaji. Nilikuwa nimeungama kwa unga.

Nilicheka? Nilicheka, sitaki uongo, mara moja. Kisha nikakumbuka: mzee wa miaka sitini na nne, hana viatu, hana simu, hana maji, yuko peke yake ufukweni. Nikageuza gari, na safari ile ya kurudi sikukwepa shimo hata moja. Vikombe vilianguka, sufuria zikaruka, unga ukafika sakafuni. Nilikuwa nazungumza peke yangu kwa sauti kubwa: bwana wee, usitembee kwenye jua, kaa hapohapo, nakuja, nakuja. Nilipiga honi kwenye barabara isiyo na mtu.

Saa sita kasoro nikaingia kambini. Mlinzi wa kambi, mwanamke mnene mwenye ufagio, akanijia.

"Mama, umerudi!" akasema. "Mzee yuko kulekule kwa sili. Nimempa chai na kofia. Nilimwambia nikupigie simu, akakataa."

"Akakataa kwa nini?"

"Amesema umeenda kwa mtoto." Akaniangalia kwa huruma, akaegemea ufagio wake. "Amesema ulikuwa unaaga kidogo kidogo tangu wiki iliyopita."

Nilishuka kwenye yale mawe nimeshikilia gauni. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, kofia ya majani kichwani, suruali kaikunja mpaka magotini, na vikombe viwili pembeni yake. Mikate miwili midogo imefungwa kwenye karatasi. Sili wako hatua kumi, hawana habari naye. Akageuka, akanitazama kama mtu anayetazama barua.

"Umerudi," akasema.

"Ulidhani nimeenda wapi, Popo?"

"Uwanja wa ndege."

"Na gari la mikate? Na taulo kichwani?"

Nikaonyesha vikombe. "Hivi ni vya nani?"

"Nilitaka leo nisilale," akasema. "Nilisema nikae macho tuwaone hawa pamoja. Nilikuwa nakungoja utoke kuoga. Nikaona gari linapita pale juu."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Uliniona naondoka, na hukupiga kelele?"

Akaangalia mikono yake, ile mikono mikubwa iliyochomwachomwa na oveni. "Nilifungua mdomo," akasema. "Nikawaza, kama ameamua, nitamzuia kwa haki gani? Maisha yako yote nimekuacha peke yako. Mtoto alipougua nilikuwa kazini. Mama yako alipofariki nilikuwa nimelala, hukuniamsha, ukaenda mwenyewe. Leo ndiyo nikwambie kaa?"

"Nilikuacha ulale kwa sababu nakupenda, mjinga wewe!"

"Na mimi ndiyo hivyohivyo."

Sili mmoja akapiga kelele zake za mlevi. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumsukumia baharini, yote kwa pamoja. Nikasema kwa utulivu kabisa, "Kesho ni Ijumaa. Nimwambie nini mtoto?"

Nakuapia, niliona neno likipanda kooni kwake. Nililiona. Likafika, likasimama. Akainamisha kichwa.

"Utakavyoona wewe," akasema.

Basi hapo nikatokwa povu. "Sikia," nikamwambia, "napanda gari, naondoka tena. Safari hii najua kwamba wewe humo ndani. Nimefungua dirisha. Ukitaka nibaki, niite. Usiponiita, naenda mpaka penye mtandao mzuri nampigia mtoto namwambia nakuja, na sitakulaumu, naapa." Mambo ya kitoto, najua. Bibi mzima. Lakini ningefanya nini? Nilikuwa nimeshaliambia beseni maneno yote mazuri niliyokuwa nayo.

Nikapanda. Ufunguo nikaukosa mara mbili. Gia ya kwanza. Gari likajivuta, nikapita mabafu, nikapita bomba la maji. Nimetoa kichwa nje kama mbwa, nasikiliza. Nasikia sili. Nasikia bahari. Nasikia changarawe chini ya matairi. Mlinzi wa kambi ameacha kufagia. Geti likawa mbele yangu, na hakuna sauti ya mume wangu popote. Nikasema moyoni, sawa. Sawa, Popo. Sijawahi kuhisi baridi ya namna ile kwenye jua la saa sita. Niliwaona wale mapacha, nikaona chumba cha ugenini na kitanda cha mtu mmoja, nikaona simu za Jumapili. Nikavuka geti.

Ndipo nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni.

Alikuwa anakimbia. Peku, suruali imekunjwa, kofia imeruka, mkono mmoja kaushika ubavu. Mdomo uko wazi kabisa, mishipa ya shingo imesimama, anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na sauti haitoki. Hata kidogo. Nikakanyaga breki. Akafika, akaning'inia mlangoni kwangu, anahema, jasho linamdondoka kwenye mkono wangu. Akasogeza uso wake mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Akatazama nyuma yangu, kwenye pazia. Kisha akaninong'oneza, kama vile mle ndani kuna mtu amelala:

"Usiende."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikazima injini, nikamwambia sijasikia, arudie.